Kabla Hujaweka Toleo Jipya

Mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, katika barabara ya Shangani inayoitwa leo Barabara ya Kenyatta, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi. Picha za Unguja alizopiga mzee huyo ziliendelea kuchapwa na kuuzwa miongo mingi baadaye. Negativi haina madai makubwa: inataka mwanga, karatasi na dawa. Hata kiwanda cha kamera kikifungwa, negativi haibadiliki.

Wapiga picha wa leo wa Mji Mkongwe hawana salama hiyo. Ukirekebisha picha ndani ya Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, picha yenyewe haiguswi. Uso wa bi harusi uliotakatishwa, hina iliyokolezwa, ukuta uliopinda ukanyooshwa, vyote huandikwa pembeni kama maagizo, ndani ya faili liitwalo katalogi. Picha iko sehemu moja, kazi yako iko sehemu nyingine, na inayoweza kuisoma kazi hiyo ni programu hiyo peke yake.

Toleo jipya likiingia, huuliza kama ligeuze katalogi. Unakubali, maana harusi ni Jumamosi na huna muda wa kusoma maelezo. Kuanzia hapo kila unachofanya kinaingia kwenye katalogi mpya, na toleo la zamani haliwezi kuifungua. Toleo likikusumbua huna pa kurudi, ila uache kazi zote ulizofanya tangu siku hiyo.

Mwaka 2012 Lightroom 4 ilikuja na hesabu mpya za mwanga na vivuli. Picha za zamani zilibaki na hesabu zake mpaka mwenyewe akubali kuzihamisha. Aliyezihamisha zote kwa mkupuo aliona rangi ya ngozi imegeuka. Familia ikirudi kutaka picha kubwa ya kutundika ukumbini, haifanani tena na ile ya kwenye albamu, na mama wa bi harusi ataiona tofauti hiyo kabla ya mtu yeyote.

Mambo hayajatulia tangu hapo. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop, programu yake nyingine ya picha, yatakuwa ya kulipia ada tu, CS6 ikawa ya mwisho kununuliwa moja kwa moja. Oktoba 2019 mfumo wa kompyuta wa Apple, macOS Catalina, ulizima programu zote za biti 32, na Aperture, programu ya picha ya Apple wenyewe, nayo ikagoma kufunguka, kwa sababu nyingine. Agosti 2020 toleo la Lightroom la iPhone lilifuta picha za watumiaji ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na Adobe ikakiri kwamba hazirudi.

Kwetu hasara hii haiishii kwenye harusi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al Ajaib, hapa Mji Mkongwe, iliporomoka. Kila picha safi ya roshani na nguzo zake iliyopigwa kabla ya siku hiyo sasa ni ushahidi kwa mafundi wa kulijenga upya. Mpiga picha aliyelinyoosha jengo lile kwenye skrini, akafufua nakshi zilizomezwa na kivuli, amefanya kazi ambayo mji unaihitaji. Ikiwa imefungiwa katika katalogi isiyofunguka, mji hauna kitu.

Kwa hiyo kazi iliyokamilika itolewe nje ya katalogi, katika faili la TIFF, iwekwe kwenye diski mbili zisizokaa nyumba moja. Nakili katalogi kabla ya kugusa chochote. Faili la kusakinishia toleo la zamani lihifadhiwe, na kompyuta kuukuu inayoliendesha isiuzwe sokoni Darajani. Kama programu yake si ya kulipia ada, ikatwe intaneti na ibaki hivyo ilivyo. Mwezi wa Shaaban, harusi zinapofuatana, usibadilishe kitu. Subiri Ramadhani, wakati hakuna harusi, ujaribu toleo jipya kwa picha chache, na la zamani likiwa bado mahali pake.