Reli ya Kusini: Kwa Nini Stesheni za Njia ya Nachingwea Ziliachwa?

Mtahiniwa wa Mbeya huiona treni ya TAZARA. Mwenzake wa mjini Iringa husafiri kwa basi, kwani reli haikufika kwao. Wote wawili wanapaswa kujua kwamba kupata reli ni jambo moja, na reli hiyo kudumu ni jambo lingine. Mfano ni Reli ya Kusini, kati ya Mtwara na Nachingwea.

Sababu za kujengwa
Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Hivyo ilianzisha Mpango wa Karanga nchini Tanganyika, uliolenga kulima zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ili karanga zifike pwani, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, ikakamilika mwaka 1949. Baadaye iliunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954.

Sababu za kufungwa
(i) Mpango ulivunjwa mwaka 1951, kabla bandari haijafunguliwa. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, na mashine zilishindwa na mizizi migumu.
(ii) Reli ilitegemea zao moja. Karanga zilipokosekana, mzigo uliobaki haukutosha kulipia gharama.
(iii) Haikuunganishwa na Reli ya Kati wala nchi jirani.
Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, na baadaye vyuma vyake viking'olewa. Stesheni zikabaki bila treni.

Ulinganisho
TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Iliunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, ikabeba shaba ya Zambia, mazao na abiria, na kuipunguzia Zambia utegemezi wa njia za kusini zilizotawaliwa na walowezi. Hata hivyo, nayo huyumba mzigo unapopungua.

Zingatia
Usiandike "ukame" pekee ukaishia hapo. Eleza reli ilijengwa kwa mahitaji ya nani, kisha onesha nini kilitokea mahitaji hayo yalipokoma. Hapo ndipo penye alama.

Swali: "Miundombinu ya kikoloni ilijengwa kwa faida ya mkoloni." Thibitisha kwa kutumia Reli ya Kusini.