Hela za Tabora: Kasoro ya Kupigwa na Jeraha la Baadaye

Neno "hela", tulitumialo kila siku kwa maana ya fedha yo yote, latokana na heller, sarafu ndogo ya Wadachi iliyoanzishwa mwaka 1904, ambayo mia zake zilikuwa rupia moja. Neno li hai; sarafu zenyewe zimebaki masandukuni mwa wazee. Kwetu Nachingwea na Ruangwa, ambako majeshi yalipita mwaka 1917, mwanafunzi mmoja aliniletea heller 20 ya babu yake. Mnunuzi alikuwa amesema kwamba mstari uliopita juu ya taji ni mkato wa kisu, akataka kumpa mzee bei ya chuma chakavu. Je, alisema kweli?

Sarafu hiyo ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi T, yaani Tabora. Wakati wa vita Waingereza walifunga njia ya bahari, fedha zikaadimika. Basi Wadachi wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora, mpaka Wabelgiji walipoutwaa mji Septemba 1916. Walitumia shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kwa hiyo kutofautiana rangi si kasoro wala jeraha.

Yafaa kujua jinsi sarafu ipigwavyo. Picha huchongwa kinyume katika muhuri wa chuma kigumu. Kipande kitupu cha shaba huwekwa chini yake, hugandamizwa kwa nguvu, na shaba huingia katika michongo. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia katika ufa pia. Basi alama ya ufa wa muhuri huinuka juu ya uso wa sarafu. Bali alama ya kisu huzama, na shaba iliyosukumwa hulala kandokando kama udongo wa mfereji. Mstari ule wa babu ulikuwa umeinuka. Ulizaliwa pamoja na sarafu.

Kadhalika, picha ikisogea upande mmoja na kuacha nafasi tupu, hali ukingo ni mzima, kipande hakikuwekwa sawasawa chini ya muhuri. Lakini ukingo ukiwa na mikwaruzo ya tupa, na picha imekatwa ghafula, huyo ni mtu aliyeipunguza baadaye.

Na matundu je? Senti 10 za zamani za Afrika ya Mashariki zilitobolewa katikati kiwandani. Picha imepangwa kulizunguka tundu, nalo lina ukingo laini. Tundu la msumari, lililotobolewa ili sarafu ivaliwe shingoni, hupasua picha, na mara nyingi huacha mdomo wa shaba upande wa pili.

Basi, walimu wenzangu, mwulizapo juu ya alama yo yote, ulizeni: shaba ya mahali hapa imekwenda wapi? Wala msiruhusu sarafu kusuguliwa kwa majivu au ndimu, maana kusugua ni jeraha jipya, nako hufuta ushahidi wenyewe.

Sikumwahidi mzee utajiri, kwa kuwa mihuri ya Tabora ilipasuka mara nyingi. Nalimwambia tu kwamba sarafu yake haikukatwa na mtu. Akaifunga tena katika kitambaa chake, asiiuze.