Mbunge aliahidi "kuisimamia serikali". Utajuaje kama ametimiza?

Msikilizaji, ahadi ya zahanati ni rahisi kuikagua. Unakwenda kijijini, unaona boma limeezekwa au bado. Lakini mgombea akisema "nitaisimamia serikali", hakuna bati la kuhesabu. Wengi tunaisahau ahadi hiyo, wakati ndiyo kazi ambayo Katiba imelipa Bunge. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi.

Jiulize mambo matatu.

Kwanza, aliuliza nini? Maswali na michango ya wabunge huandikwa kwenye Taarifa Rasmi, yaani Hansard, na huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Kama simu yako ina intaneti, tafuta jina lake. Kupongeza na kushukuru si kusimamia. Tafuta mahali alipouliza fedha fulani zimekwenda wapi.

Pili, alifuatilia? Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, CAG humkabidhi Rais ripoti ya ukaguzi, kisha ripoti hiyo hupelekwa bungeni. Halmashauri nazo hukaguliwa. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, hivyo anaweza kuuliza Dodoma na hapa nyumbani pia.

Tatu, yeye mwenyewe anakubali kuulizwa? Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, una kamati, na mwenyekiti wake ni mbunge. Atueleze zilikuja kiasi gani na zilifanya nini.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Simiyu. Juni 2024, Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa wilayani Meatu, alidai bungeni kuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Spika alimtaka alete ushahidi. Aliuwasilisha, kisha akauzungumzia mbele ya waandishi wa habari kabla Bunge halijaufanyia kazi. Juni 24 Bunge likamsimamisha kuhudhuria vikao 15.

Je, alitimiza ahadi? Ukiangalia swali la kwanza na la pili, aliuliza, na alileta nyaraka. Lakini wapo wanaosema alivunja utaratibu, na kwa vikao hivyo 15 watu wa Kisesa hawakuwa na mbunge wa kuwasemea ukumbini. Wengine wanajibu kwamba msimamizi asiyemuudhi mtu hasimamii. Pima mwenyewe, lakini pima kwa alichofanya. Usipime kwa chama chake wala kwa ukali wa sauti.

Mkoa wetu unaishi kwa pamba. Bei, mbegu na viuadudu vyote vinapita kwenye maamuzi ya serikali. Asipokuwepo wa kuuliza, anayeumia ni mkulima.

Basi kwenye mkutano ujao wa hadhara, mbunge akimaliza kuhutubia, nyoosha mkono. Muulize: "Mheshimiwa, mwaka huu umeiuliza serikali swali gani kwa ajili yetu, na ilikujibu nini?"