Bomba, Bibi Titi na kiitikio cha Rufiji

Waimbaji na vikundi vyao: sehemu ya tatu

Sehemu mbili zilizotangulia ziliishia kwa Mbaraka Mwinshehe, mzaliwa wa Mzenga kule Kisarawe, ambaye mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Tuliona kwamba mtu akitaka kuutambua mwaka huo kwa masikio tu atapata taabu. Sauti ni ile ile, gitaa ni lile lile, na kilichobadilika kwanza ni jina la bendi kwenye karatasi ya santuri. Tuliona pia kwa nini maneno “albamu ya mwisho” hayakai vizuri kwa bendi zetu za zama zile. Zilirekodi nyimbo mojamoja, ama redioni Dar es Salaam ili zichezwe hewani, ama Nairobi ili zitoke kwenye santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Hakuna aliyekaa akazipanga nyimbo kumi kwa nia ya kuaga. Santuri ndefu zilikuja kukusanywa na wenye kampuni, na zile za mfululizo wa Ukumbusho, ambazo wengi ndizo walizomjulia Mbaraka, zilitoka baada ya yeye kufa kwa ajali ya gari pwani ya Kenya, Januari 1979.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi nyingine, na inafaa tuitazame kidogo kabla ya kuvuka Mto Rufiji. Mwishoni mwa 1969 Sandy Denny aliiacha Fairport Convention, bendi ya Uingereza iliyochukua nyimbo za kale za vijijini kwao na kuzipigia magitaa ya umeme. Albamu yao Liege & Lief iliingia madukani Desemba, mwimbaji akiwa ameshaondoka. Tangu hapo wapenzi wa bendi ile huisikiliza kama watu wanaosoma wosia, wakitafuta ni wapi sauti inaanza kuaga. Usikilizaji huo unawafaa, maana kwao mwimbaji anaweza kweli kubaki na jina lake tu, na kufikia 1971 Sandy Denny alikuwa na albamu ya namna hiyo. Kwetu nina shaka kama jambo hilo lipo. Mwanamuziki wa dansi akiachana na bendi tunasema amehama, kama tunavyosema kwa mpangaji, na swali linalofuata siku zote ni amehamia wapi. Muhidin Gurumo alitoka Juwata 1978 akaenda Mlimani Park, na 1985 akahama tena kwenda Safari Sound. Hoja yangu ni kwamba mwimbaji wa kwetu hatoki peke yake kwa sababu wimbo haukuwa wake peke yake tangu mwanzo: nusu yake imo vinywani mwa waitikiaji. Ili kuipima hoja hiyo nimechagua mfano mgumu kuliko wa Mbaraka au wa Gurumo. Nimemchagua mwimbaji aliyeuhama muziki wenyewe.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, wazee wake asili yao ikiwa Rufiji. Wengi wanamjua kwa siasa. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kimojawapo cha vikundi vya ngoma vya wanawake vilivyoshamiri mjini miaka ya 1950. Kwa ukoo, vikundi hivyo vilikuwa wajukuu wa beni na lelemama, na mpita njia angeona starehe tu, kanga za sare na vifijo. Kwa ndani palikuwa na viongozi wenye vyeo, michango, kusaidiana kwenye harusi na misiba, na ushindani wa kudumu na kikundi cha mtaa wa pili. Lakini tuutazame wimbo wenyewe unavyokwenda, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kiongozi anatupa mstari mmoja, mara nyingi wenye fumbo ndani yake. Mstari unabaki hewani kwa kadiri ya pumzi moja. Waitikiaji wakiupokea, unarudi mkubwa kuliko ulivyotoka, na wakati wao wanaimba yeye anapata nafasi ya kuutafuta mstari unaofuata. Wakiupokea kivivu, hana pa kwenda: atarudia ule ule, atapandisha sauti, atawageukia wapiga ngoma wamwokoe. Ndiyo maana kiongozi hodari hujifunza mapema kuzisoma nyuso za wenzake kuliko kuikuza sauti yake. Ufundi huo hausikiki kwenye santuri hata kidogo, na pengine ndio uliokuwa ufundi mkubwa wa Bibi Titi.

Katikati ya mwaka 1955 John Hatch, mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na jibu lilikuwa la aibu. Aliyetolewa mbele ni Bibi Titi, mwenye kadi namba 16. Julai akakabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani, na kufikia Oktoba waliojiandikisha walikuwa wamefika 5,000 hivi. Idadi hiyo, kwa miezi mitatu, haielezeki kwa ufasaha wa hotuba hata angekuwa fasaha namna gani. Inaelezeka tukijua alianzia wapi. Hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa ngoma na taarabu, wa Al-Watan, wa Egyptian, wa Good Luck na wengineo, watu aliokuwa akishindana nao juzi, na kuwaomba kila mmoja awaite watu wake. Kiongozi akishaingia, kikundi kizima kiliingia. Susan Geiger, mwanahistoria aliyewahoji Bibi Titi na wanawake wenzake miaka ya 1980 na kukitoa kitabu chake TANU Women mwaka 1997, ameonyesha kwamba wanawake hawa hawakungoja wasomi waje kuwafundisha utaifa. Ndani ya ngoma zao Mzaramo, Mmanyema, Mrufiji na Mdigo walikuwa wameshazoea kuvaa sare moja na kuimba Kiswahili kimoja.

Kwa hiyo anayeitafuta kazi ya mwisho ya Bomba kabla mwimbaji wake hajaondoka, naona aitafute kwenye daftari la wanachama wa TANU la mwaka ule. Najua hilo ni dai kubwa. Ninachosema ni kwamba kile ambacho bendi ya Kiingereza iliweka kwenye albamu, yaani kila ilichojifunza kwa miaka ya kukaa pamoja, Bomba na wenzake walikiweka kwenye uandikishaji. Namna ya kuwaita watu, ya kugawana kazi, ya kuchangishana bila kugombana, ya kumtumia mwenzio ujumbe kwa fumbo mbele ya polisi asiyejua maana yake, yote hayo yalitoka kwenye ngoma yakaenda moja kwa moja kwenye chama.

Atakayepinga atasema nacheza na maneno. Siasa ni kazi nyingine, mwanasiasa anasimama jukwaani na hoja zake, na Bibi Titi aliuacha uimbaji kama fundi seremala anavyoweza kuuacha useremala akawa dereva. Pingamizi hili lina nguvu kwa mtu anayemfikiria mwanasiasa wa siku hizi mwenye kipaza sauti na karatasi mkononi. Mkutano wa TANU haukuwa hivyo. Msemaji alipaza “Uhuru!” na uwanja ukamrudishia, na asipopata marudio yenye uzito alijua kabla ya mtu yeyote kuwa siku imeharibika. Kazi aliyopewa Bibi Titi mara nyingi ilikuwa kuwachangamsha watu kabla Nyerere hajapanda jukwaani, na hiyo ni kazi ya manju. Mwingine atanikumbusha Siti binti Saad, mwanamke wa pwani hii hii ambaye jina lake lilisimama peke yake miaka mingi kabla ya Bomba. Jina lilisimama, ni kweli. Lakini mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi alikwenda na wenzake, akina Mbaruk Talsam na Subeti Ambari, na huwezi kuwatoa hao ukabaki na kitu cha kusikiliza.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Rufiji, na hili sitalipita haraka. Bibi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji, na mwaka 1965 wananchi wa huko wakamnyima kura. Ikiwa ni kweli aliondoka na kiitikio chake, kilikuwa wapi siku hiyo, tena nyumbani kwa wazee wake?

Rufiji ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Kibiti ilikuwa ndani yake, na delta yote pia, ambayo sasa kwa sehemu kubwa iko upande wa Wilaya ya Kibiti. (Wageni wakiitaja delta hii huikumbuka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamizwa humo Julai 1915. Watu wanaoishi humo huwa hawaulizwi.) Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa unafika Kibiti. Kwenda Mohoro ilikuwa lazima uvuke mto kwa pantoni pale Ndundu, kwa kuwa Daraja la Mkapa limekuja 2003 tu, na mto ukifurika safari iliahirishwa bila mjadala. Vijiji vya delta kama Mbwera, Salale na Kiongoroni hufikiwa kwa mashua au mtumbwi, na lazima uijue saa ya maji kujaa, maana maji yakitoka unabaki umekwama kwenye matope katikati ya mizizi ya mikoko. Na ukifika, huenda usiwakute watu nyumbani. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili mafuriko yapite chini, wakiulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Dungu moja liko mbali na jingine. Wanaokata mikoko nao wako ndani ya msitu, wakikusanya boriti za kupakia majahazini. Kiitikio cha Bomba kilijengwa na wanawake wa mjini walioweza kuitana kwa ukuta. Katika delta kiitikio hujengwa kwa kukaa, kusubiri maji, kukaa tena. Bibi Titi kufikia 1965 alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, UWT, kwa nchi nzima, na alikuwa na wadhifa serikalini. Muda wa kusubiri maji hakuwa nao.

Kuna pia jambo la pili ambalo sijaona likipewa uzito wake. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa kwanza chini ya chama kimoja. Karibu kila jimbo lilipata wagombea wawili wa TANU, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na kanuni zilitaka wapande jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, bila mikutano ya binafsi. Kwa haki na usawa kanuni hiyo inapendeza. Kwa mwimbaji ni sawa na kuambiwa aje bila kikundi. Umati ulio mbele yake umeitwa na mtu mwingine, ni wa mpinzani wake kama ulivyo wake, na adabu inautaka usikilize kimya. Kwa mara ya kwanza tangu Bomba, Bibi Titi alisimama akiwa mwimbaji wa pekee katika maana ile ya Kiingereza, sauti moja na wasikilizaji.

Itasemwa kwamba wimbi la mwaka ule liliwaangusha wengi wasiowahi kushika ngoma. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka Mwanza, na hakuna anayetafuta sababu kwenye kiitikio. Nakubali, na sidai kuwa wapiga kura wa Rufiji walikuwa wakihukumu uimbaji. Walimhukumu mbunge, na walikuwa na haki hiyo. Ila wimbi lenyewe lilikuwa la namna gani? Walioanguka ni wengi kati ya wale ambao kazi za Dar es Salaam ziliwaweka mbali na majimbo yao. Bomani alipoteza jimbo. Bibi Titi alipoteza jimbo, na pamoja nalo ile njia ya kusema aliyokuwa amezaliwa nayo kisiasa, kwa hiyo anguko lake lina tabaka moja zaidi.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayataja kwa ufupi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye aliachia nafasi yake ya uongozi. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akasamehewa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Katika miaka ile ya jela na ya ukimya uliofuata, UWT iliendelea kuimba kwenye viwanja vile vile, kwa namna ile ile ya mmoja kutupa na wengine kupokea, wala jina lake halikutajwa.

Barabara inayopita Mnazi Mmoja, katikati ya Dar es Salaam, zamani iliitwa UWT. Baadaye kibao kilibadilishwa kikaandikwa Bibi Titi Mohamed. Kikundi kikaondoka kwenye kibao, mwimbaji akabaki.