Tahadhari ya hali mbaya ya hewa: namna ya kuisoma na hatua za kuilinda familia

Katika msimu wa Masika, unaoanza Machi hadi Mei, na wa Vuli, unaoanza Oktoba hadi Desemba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mara kwa mara taarifa za angalizo na tahadhari kwa kipindi cha siku tano. Taarifa hizo husomwa redioni na kusambazwa kwa simu. Hata hivyo, taarifa humlinda mwananchi pale tu anapoielewa kiasi cha kuamua la kufanya.

Viwango vitatu

Taarifa za TMA hutumia viwango vitatu vinavyotambulishwa kwa rangi. Angalizo, lenye rangi ya njano, humtaka mwananchi kuwa macho na kufuatilia mabadiliko. Tahadhari, yenye rangi ya chungwa, humtaka kukamilisha maandalizi. Tahadhari kubwa, yenye rangi nyekundu, humtaka kuchukua hatua za kujinusuru bila kusubiri.

Mvua huhesabiwa kuwa kubwa inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo, nyumba yenye paa la mita za mraba 60 itapokea zaidi ya lita 3,000 kwa siku moja, mbali na maji yatakayotoka kwa majirani na barabarani. Upepo huitwa mkali unapozidi kilomita 40 kwa saa, na mawimbi huitwa makubwa yanapozidi mita mbili.

Uwezekano na athari

Kila taarifa hutaja mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja: uwezekano wa hali hiyo kutokea na kiwango cha athari kinachotarajiwa. Mvua ileile inayopita salama kwenye mwinuko wenye miti inaweza kuingia ndani ya nyumba za bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam. Hivyo, uwezekano ukitajwa kuwa mdogo huku athari zikitajwa kuwa kubwa, familia iliyo bondeni haina sababu ya kupuuza.

Kutokuelewa jambo hili huwafanya baadhi ya watu kudhani kuwa tahadhari isiyofuatiwa na madhara ilikuwa ya uongo. Aprili 2021, Kimbunga Jobo kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani ya Tanzania. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia kikiwa na upepo mkali na mvua kubwa; barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika katika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Aliyejiandaa kwa Jobo alipoteza muda kidogo tu. Aliyeacha kujiandaa kwa Hidaya kwa sababu ya Jobo alihatarisha maisha.

Maswali matatu ya kujiuliza nyumbani

Taarifa inapotolewa, familia ijiulize: Je, mkoa wetu umetajwa? Ni kwa siku zipi? Na kwa mahali tunapoishi, ni nini kinachoweza kutokea kwetu?

Majibu ndiyo yaongoze hatua. Wanaoishi bondeni au karibu na mto wakubaliane mapema, kungali mchana, nani atawapokea mahali pa juu na nani atawaongoza wazee na watoto. Vyeti, kadi za bima na dawa za kila siku viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri. Simu na tochi zichajiwe. Mifereji izibuliwe, na mabati yaliyolegea yakazwe. Watoto wanaovuka mto au korongo kwenda shule wasivuke maji yakijaa, kwani maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Wavuvi na wasafiri wa baharini waahirishe safari pale mawimbi makubwa yanapotajwa.

Kuthibitisha taarifa

Kwa mujibu wa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019, TMA ndiyo taasisi yenye mamlaka ya kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa nchini. Kabla ya kusambaza ujumbe uliopokewa kwa simu, mwananchi aangalie tarehe yake na kuulinganisha na taarifa rasmi. Ujumbe wa zamani ukisambazwa upya huleta taharuki leo, na kesho huwafanya watu wapuuze tahadhari ya kweli.

Hatari ikitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, na Polisi kwa namba 112. Namba hizo zifahamike kwa kila aliyemo nyumbani, wakiwemo watoto wanaoweza kutumia simu.