Soksi za Kubana Miguu: Mwuza Dawa Awezaje Kumsaidia Mteja?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, na mwalimu awe na chaki ubaoni.

Somo letu la leo ni miguu. Kazi nyingi za kwetu ni kazi za kusimama. Mkulima husimama shambani tangu alfajiri. Mkata miwa husimama kutwa. Mama lishe husimama mbele ya jiko, na mwalimu mbele ya ubao. Fundi cherehani naye hukaa saa nyingi miguu ikining'inia. Jioni miguu huwa mizito na imevimba. Wengine huona mishipa imetokeza chini ya ngozi, imepindapinda kama kamba. Wengine hupata kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kidonda hicho hakiponi, mwezi baada ya mwezi.

Mgonjwa wa namna hii akienda hospitali, pengine daktari atamwambia, "Tafuta soksi za kubana, uvae kila siku." Basi huchukua cheti chake, akaenda duka la dawa. Mwuza dawa akijua kazi yake, mguu utapata nafuu. Asipojua, fedha ya mgonjwa itapotea, na huenda mguu ukaumia zaidi.

DAMU YAPANDAJE KUTOKA MGUUNI?

Kwanza tufanye jaribio. Ninginiza mkono wako chini, uhesabu mpaka thelathini. Tazama mgongo wa kiganja. Waona mishipa imejaa? Sasa inua mkono juu ya kichwa. Mishipa imelala. Damu iliyokuwa imekaa chini imeteremka kurudi moyoni.

Moyo husukuma damu mpaka vidoleni mwa miguu. Kurudi juu ni kazi ngumu zaidi, kwa maana damu hupanda mlima. Husaidiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni nyama ya shavu la mguu. Kila ukipiga hatua, nyama hiyo hukaza na kuikamua mishipa, na damu hupanda. Cha pili ni vilango vidogo vilivyo ndani ya mishipa. Vilango hivyo hufunguka kuelekea juu tu. Damu ikipita, hujifunga, isirudi chini. William Harvey, daktari wa Uingereza, aliandika juu ya mzunguko wa damu na kazi ya vilango hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1628.

Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kujaa mguuni. Mshipa hutanuka. Maji hupenya na kuingia katika nyama, na mguu huvimba. Ngozi hubadilika rangi, hukauka, huwasha. Hapo mkwaruzo mdogo tu wa jembe au mwiba waweza kuwa kidonda kikubwa.

SOKSI HUFANYA KAZI GANI?

Aliyewahi kusimama mtoni maji yakimfika kiunoni atalielewa jambo hili. Maji huubana mguu pande zote. Tena hubana zaidi kifundoni, kwa kuwa huko ndiko kwenye kina, na hubana kidogo karibu na uso wa maji. Conrad Jobst, fundi wa mitambo aliyeishi Marekani, alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya miguu. Aliona kwamba akisimama katika bwawa la kuogelea hupata nafuu. Kwa fikira hiyo alitengeneza soksi yenye kubana kama maji, karibu na mwaka 1950.

Hiyo ndiyo siri ya soksi hizi. Hubana sana kifundoni, na kadiri zinavyopanda hupunguza nguvu. Soksi ya kawaida yenye mpira mkali juu ni kinyume chake. Huufunga mguu kama kamba, na damu hukwama chini yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kila soksi ya kubana ni dawa.

Nguvu ya soksi hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha shinikizo la damu. Kwa kipimo cha Uingereza, soksi nyepesi, yaani daraja la kwanza, hubana milimita 14 hadi 17 kifundoni. Daraja la pili ni 18 hadi 24. Daraja la tatu ni 25 hadi 35. Lakini Ujerumani daraja la pili ni 23 hadi 32. Basi mwuza dawa asisome neno "daraja" peke yake. Asome tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi, azilinganishe na cheti cha daktari.

MTEJA AFIKAPO DUKANI

Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupata Maduka ya Dawa Muhimu, baada ya kazi hiyo kuanza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Mtoa dawa wa duka hilo amefundishwa, lakini huenda hana soksi hizi dukani. Mara nyingi yapasa kuzitafuta katika famasi kubwa ya mjini, ambako yuko mfamasia. Hata hivyo mtoa dawa wa kijijini ana kazi kubwa: kuuliza, kutazama, na kumwelekeza mteja. Tusikilize mazungumzo haya.

MTOA DAWA: Shikamoo mama.

MTEJA: Marahaba mwanangu. Nataka soksi za kubana. Miguu yanivimba.

MTOA DAWA: Pole mama. Karibu ukae. Yavimba yote miwili, au mmoja?

MTEJA: Yote miwili. Asubuhi nafuu, jioni viatu havinitoshi.

MTOA DAWA: Ilianza lini?

MTEJA: Tangu mwezi uliopita.

MTOA DAWA: Kuna dawa unayokunywa kila siku?

MTEJA: Ya presha. Daktari alinibadilishia mwezi huo huo.

MTOA DAWA: Je, una cheti au kopo la dawa hiyo nilione? Aha, ni amlodipini. Dawa hii ni nzuri kwa presha, lakini kwa watu wengine huvimbisha miguu. Usiiache, mama. Ukiiacha ghafla presha yaweza kupanda. Rudi kwa daktari umweleze, naye ataamua. Soksi tuziache kwanza.

MTEJA: Kumbe! Ningenunua bure.

Wasikilizaji, mmeona faida ya kuuliza. Nifedipini nayo huweza kuvimbisha miguu, hata na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Mwuza dawa mwema huuliza kabla ya kufungua kabati.

WAKATI WA KUKATAA KUUZA

Kuna wateja ambao haifai kuwauzia soksi, hata kama fedha wanayo mkononi.

Wa kwanza ni mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto, tena wauma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo laweza kusafiri mpaka mapafuni na kuua. Mtu huyu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na maumivu ya kifua au anahema kwa shida, asicheleweshwe hata kidogo.

Wa pili ni yule ambaye damu haifiki vizuri miguuni. Nyayo zake ni baridi, shavu la mguu lamwuma akitembea na huacha akipumzika, au vidole vyamwuma usiku. Kumbana mtu huyu ni kumnyima damu ile kidogo iliyobaki. Ngozi yaweza kufa, na mguu ukakatwa. Hospitalini hulinganisha shinikizo la damu la kifundoni na la mkononi. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama ni salama kubana.

Wa tatu ni mgonjwa wa kisukari. Huenda miguu yake imekufa ganzi, soksi ikamchubua asisikie. Huyu lazima apimwe kwanza.

Wa nne ni mtu anayevimba miguu yote na kukosa pumzi akilala chali. Huenda moyo wake umechoka.

Wa tano ni mama mjamzito aliyevimba, tena kichwa chamwuma sana au macho yaona ukungu. Hizo ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba. Aende hospitali mara moja.

Na mwenye kidonda kibichi? Huyu huhitaji kusafishwa na kufungwa na mtu aliyefundishwa. Wako wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Desturi hiyo iachwe. Unga huo haurudishi damu moyoni, na waweza kuidhuru ngozi.

Kumwambia mteja, "Leo sikuuzii, nenda kwanza hospitali," ni msaada mkubwa. Mwuza dawa amepoteza faida ya siku moja, na mteja amebaki na mguu wake.

KUPIMA MGUU

Soksi haichaguliwi kwa namba ya kiatu. Mguu hupimwa kwa tepu, kama fundi apimavyo suruali. Upimwe asubuhi, kabla haujavimba. Kwa soksi ya kufika chini ya goti, pima kifundo mahali palipo pembamba kabisa, kisha shavu la mguu mahali palipo panene kabisa, kisha urefu toka kisiginoni mpaka chini ya goti. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi hailingani. Andika tarakimu zote katika karatasi. Hapa ndipo kusoma na kuhesabu kunapoleta faida: mtu wa Kisanga aliyepimwa vizuri aweza kumpa ndugu yake anayekwenda Morogoro karatasi hiyo pamoja na cheti cha daktari, akamletea soksi inayomfaa.

Soksi za mitumba zisinunuliwe kwa kazi hii. Mpira wake umekwisha kulegea, na nguvu yake haijulikani.

KUVAA NA KUTUNZA

Watu wengi hununua soksi hizi, wakazivaa siku tatu, wakazitupa. Husema ni ngumu kuvaa, tena zina joto. Mwuza dawa amfundishe mteja palepale dukani, naye ajaribu mwenyewe.

Vaa asubuhi mara uamkapo. Kata kucha, vua pete. Mguu uwe mkavu. Ingiza mkono ndani ya soksi, shika kisigino, kisha igeuze nje ndani mpaka kisiginoni. Ingiza wayo, kisigino kikae mahali pake. Kisha pandisha polepole kwa viganja. Glovu za mpira husaidia kushika. Usiikunje juu, kwa maana mkunjo mmoja hubana mara mbili. Usiache makunyanzi.

Jioni ivue, isipokuwa daktari amesema vingine. Osha mguu, utazame ngozi, kisha paka mafuta. Mafuta ni ya usiku, kwa kuwa asubuhi hufanya soksi iwe ngumu kuvaa. Vidole vikiwa vyeupe, vya buluu, baridi au na ganzi, vua soksi mara moja ukamwone mganga.

Fua kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usiisokote. Ikamulie ndani ya taulo, uianike kivulini. Jua kali na pasi huharibu mpira wake. Ukiweza, uwe na jozi mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Baada ya miezi mitatu hadi sita nguvu ya soksi hupungua, yafaa kupata mpya na kupimwa tena.

Mwenye soksi asiache kutembea. Nyama ya shavu la mguu ndiyo pampu, na soksi ni msaidizi wake. Ukipumzika, inua miguu juu ya kigoda au mto, ipite usawa wa moyo.

NENO JUU YA MATENDE

Wengine watauliza juu ya matende. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, nao huziba mifereji ya maji ya mwili. Nchini kwetu kugawa dawa za kuuzuia kwa watu wote kulianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Mguu uliokwisha kuvimba kwa matende huhitaji kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri katikati ya vidole, kuinuliwa na kufanyishwa mazoezi. Kuufunga au kuuvika soksi kufanywe kwa shauri la mganga tu.

MANENO YA LEO

Kifundo: mahali mguu unapoungana na wayo.
Shavu la mguu: nyama iliyo nyuma, chini ya goti.
Cheti: karatasi ya daktari yenye maagizo ya dawa.
Ganzi: hali ya kutosikia unapoguswa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini soksi hubana zaidi kifundoni kuliko juu?
2. Taja wateja watatu wanaopaswa kwenda hospitali kabla ya kununua soksi.
3. Soksi imeandikwa 18 hadi 24. Cheti kinasema 25 hadi 35. Mwuza dawa afanyeje?
4. Pimaneni miguu wawili wawili kwa tepu, mwandike vipimo vitatu katika daftari.

Wasikilizaji, ukirudi nyumbani leo, tazama miguu ya wazee wako. Mwenye kidonda cha siku nyingi asione haya, wala asikae akificha chini ya kanga. Ampeleke mwenziwe kama shahidi, aende zahanati akaonyeshe. Kwa herini, mpaka somo lijalo.