Kindu: Wimbo wa huzuni hauna mfadhili, lakini bado unaandikwa

KINDU – Mjini Kindu, wimbo wa ndoa una mtu wa kuulipia. Wimbo wa kampeni hulipiwa hata kabla haujarekodiwa. Wimbo wa kanisa huchangiwa na waamini. Lakini wimbo wa mtu aliyezama katika Lualaba, au shairi la mama anayetunza kaye za mtoto wake aliyekufa, hulipiwa na yule yule aliyeuandika: leo franka za mega, kesho franka za mafuta ya jenereta.

Hiyo ndiyo hesabu ya wasanii wanaojitegemea katika makao makuu ya jimbo la Maniema, hasa wale waliochagua upande wa giza: mashairi ya kilio, slamu zenye hasira, rap ya pole pole juu ya gitaa moja. Hawana kampuni ya kuwasimamia, hawana meneja, na mara nyingi hata gitaa si lao. Mambo ya kuandika, hayo Kindu haijawahi kuyakosa.

Chumba cha kulala kinageuka studio

Njia inafanana karibu kwa wote. Shairi huanza katika kaye au katika telefone. Biti hutengenezwa kwa programu ya bure, au huchukuliwa kwenye intaneti, jambo linaloleta matata baadaye, kwani biti ya bure nayo ina mwenyewe, na siku wimbo ukianza kusikilizwa ndipo mwenyewe anajitokeza. Kisha inatafutwa mikro: kuazima kwa rafiki, kukodi kwa saa, au kutumia ile ya telefone. Godoro linasimamishwa ukutani, blanketi linatundikwa mlangoni, na mwimbaji anageukia kona ili sauti isimrudie.

Umeme haufiki kila mtaa wala kila siku, kwa hiyo kazi hupangwa pale unapopatikana, mara nyingi usiku. Jenereta inawasha ordinateri, lakini mngurumo wake unaingia ndani ya wimbo. Mvua ikianza juu ya mabati, wote wanakaa chini na kungoja iishe. Mwenye kuishi komini ya Alunguli ana shida ya ziada: ikiwa mikro iko Kasuku au Mikelenge, lazima avuke mto kwa mtumbwi, na kurudi usiku wa manane si jambo la kujaribu.

Kifaa kikiharibika, hapo ndipo umbali wa Kindu unaonekana. Mji huu ni mwisho wa reli inayotoka Lubumbashi, na siku ya treni kufika hakuna anayeweza kuiapia. Kwa upande wa kaskazini, mizigo inafuata mto hadi Ubundu, ambako reli nyingine inaelekea Kisangani. Ndege zilizokuwa zikileta bidhaa kutoka Goma zilisimama tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji ule. Waya mmoja wa mikro, ambao kwa mtu wa Nairobi ni jambo la kuingia dukani na kutoka, Kindu unaweza kuchelewesha kazi kwa wiki nyingi.

Ukosefu huo umeingia katika muziki wenyewe. Sauti moja, ala moja, kimya kirefu kati ya mstari na mstari: huzuni haidai wachezaji kumi wala sebene ya dakika tano. Ila kuna mpaka. Ndombolo inaweza kuvumilia mikro mbaya, sababu mwili unafuata ngoma hata kama maneno hayasikiki. Shairi haliwezi. Neno moja likimezwa na mngurumo wa jenereta, ubeti mzima umekufa.

Jina linauzwa, kilio hakiuzwi

Muziki wa Kongo una njia yake ya zamani ya kupata pesa, nayo inaitwa mabanga: mfanyabiashara au mwanasiasa analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wanamuziki wakubwa wa Kinshasa wamejenga nyumba kwa njia hiyo. Hata katika miji midogo ya mashariki, msanii anayeanza anaijua bei ya jina kabla hajajua bei ya wimbo.

Sasa mashairi ya giza yataweka wapi jina la mtu? Hakuna bosi anayependa kutajwa kati ya ubeti wa mtoto aliyekufa kwa malaria na ubeti wa barabara iliyoua abiria. Hapo ndipo mlango unafungwa, na unafungwa bila mtu kumkataza msanii. Anaambiwa tu kwa upole abadilishe kidogo, aweke matumaini mwishoni, amtaje na mheshimiwa. Wengine wanakubali, na si haki kuwahukumu. Ada ya Chuo Kikuu cha Kindu hailipwi kwa beti. Lakini wimbo uliobadilishwa hivyo haukai muda mrefu. Kampeni ikiisha, nao umeisha.

Wale wanaokataa wanabaki na njia ndogo ndogo: kadi ya kumbukumbu inayopita mkono kwa mkono, WhatsApp, dakika tano katika redio ya mtaa, usiku mmoja wa slamu katika ukumbi wa shule. Goma ilikuwa imepiga hatua zaidi. Kundi la Goma Slam Session lilijenga huko desturi ya vijana kusimama na maneno yao tu, na kituo cha Yole!Africa kilifundisha muziki na sinema kwa miaka mingi. Kindu haijapata nyumba ya namna hiyo yenye kujulikana hivyo, na pengo hilo linaonekana: mshairi anakutana na wenzake kwenye telefone kuliko ana kwa ana.

Matanga yalikuwa jukwaa

Wazee wengine wanaposikia mashairi haya wanasema vijana wameiga huzuni ya Wazungu. Historia ya eneo hili inawapinga.

Katika matanga ya huku, kulia kulikuwa na ufundi wake. Kulikuwa na wanawake waliojulikana kwa kuomboleza, walioitwa kwa sababu walijua kuliweka jina la marehemu, ukoo wake na deni ambalo kifo kimeacha ndani ya wimbo mmoja, papo hapo, bila karatasi. Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, Sankuru, jirani kabisa na Maniema, alikuwa mtoto wa mwombolezaji wa aina hiyo. Alieleza mwenyewe kwamba mama yake alikwenda naye kwenye matanga, na kwamba huko ndiko alikojifunza kuimba. Sauti ile ya juu iliyokatika kama inataka kulia, iliyojulikana Paris na Tokyo hadi alipoanguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, ilianzia msibani. Watetela wa Sankuru na Wakusu wa Maniema ni ndugu. Kijana wa Kibombo anayeandika kilio leo hakukitoa mbali.

Na hata Kiswahili chenyewe hakikufika Maniema kwa amani. Kilikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ile iliyoweka makao Kasongo na Nyangwe katika siku za Tippu Tip. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto huu huu, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki na mihogo. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia, wengi wao kwa kuzama walipokimbilia majini. Habari hiyo inajulikana duniani kwa sababu David Livingstone alikuwapo na aliiandika. Kilio cha waliobaki hakuna aliyekiandika.

Jambo hilo limejirudia. Novemba 1961, Waitalia 13 wa jeshi la anga, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa Kindu. Wana jengo la ukumbusho Pisa, nchini Italia, majina yao yote yameandikwa. Mwaka 1964 uasi wa Simba ukapita. Oktoba 1998 waasi wa RCD waliuteka mji, na kufikia 2002 Kindu ilikuwa imezingirwa na Mayi-Mayi, treni haifiki, mashamba hayaendeki, njaa ndani ya nyumba. Mtu aliyezaliwa wakati ule leo ana umri wa zaidi ya miaka ishirini. Ndiye huyo anayeshika mikro ya kukodi. Akiandika juu ya njaa, anaandika habari za nyumbani kwao.

Kiswahili kipi?

Kuna ubishi usioisha kati ya waandishi wenyewe: shairi liandikwe katika lugha gani? Kifaransa kinafungua milango ya mashindano na misaada. Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi, anayeishi Graz nchini Austria, alitoa huko mwaka 2013 kitabu cha mashairi mazito juu ya mto Kongo, Le Fleuve dans le ventre, kwa Kifaransa na Kijerumani, naye huyasoma mashairi yake pamoja na wanamuziki wa jazi. Ni njia nzuri, lakini inaanza na kuondoka.

Kiswahili cha Kindu, kwa upande wake, kinafika sokoni moja kwa moja. Mama anayeuza mafuta ya mawese anasikia kila neno. Wanaogopa tu kuambiwa si Kiswahili safi, na kwamba shairi bila vina na mizani si shairi. Hofu hiyo Mtanzania Euphrase Kezilahabi aliivunja zamani, mwaka 1974, alipochapisha Kichomi, mashairi huru yenye mashaka na giza la kutosha kumtisha msomaji. Wenye kanuni walimshambulia. Leo kitabu chake ni miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili. Kijana wa Mikelenge anayeandika jinsi nyumbani kwao wanavyosema hana sababu ya kuomba radhi.

Kibali na haki

Kuna pia upande wa sheria, ambao wengi wanaugundua wakiwa wamechelewa. Agizo la mwaka 1996 lilitaka nyimbo zipite kwanza mbele ya tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo na maonyesho kabla ya kutangazwa. Kwa miaka mingi wasanii wadogo hawakuisikia. Kisha, Novemba 2021, tume hiyo ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, zikiwemo Nini tosali te ya kundi la MPR na Lettre à Ya Tshitshi ya Bob Elvis, zote zikilalamikia hali ya nchi. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa, na ule wa MPR ukafunguliwa ndani ya siku chache. Mwezi uliofuata, UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na viongozi wakapiga makofi.

MPR walikuwa Kinshasa, na tayari wanajulikana. Mshairi wa Kindu akifungiwa wimbo unaosikilizwa na watu mia tatu, kelele zitatoka wapi? Ndiyo maana wengine hujikata ulimi mapema: wanaondoa jina la mahali, mwaka, cheo cha aliyefanya. Shairi linabaki na giza lisilo na mtu ndani yake. Hapo hasara si ya sheria tu, ni ya sanaa, sababu shairi la kilio lisilotaja aliyekufa ni hewa.

Kwa upande wa haki, sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mwandishi na mtunzi, na shirika la SOCODA, lililoundwa mwaka 2011, ndilo lenye kazi ya kukusanya na kugawa pesa za haki hizo. Kwa msanii ambaye wimbo wake unapita kwa kadi ya kumbukumbu, pesa hizo ni ndoto ya mbali. Lakini kuweka jina na tarehe juu ya kila andiko hakugharimu kitu, na kunasaidia siku mtu mwingine atakapoimba maneno yale yale Bukavu au Kisangani.

Kinachobaki

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimkuta Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville, kijana mmoja karani mwenye gitaa, akiimba kwa Kiswahili. Jina lake Mwenda Jean-Bosco. Sauti moja, gitaa moja, mashine moja ya kurekodi: bajeti ambayo hata Kindu ya leo inaweza kuifikia. Wimbo wake Masanga ulizunguka Afrika nzima, na kanda za Tracey zinatunzwa hadi sasa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Nyimbo za Kindu zinatunzwa ndani ya telefone. Telefone inaanguka majini wakati wa kuvuka, inaibwa, inauzwa mwezi ambao kodi ya nyumba imefika, na wimbo unakwenda nayo. Kwa hiyo wenye busara wanafanya nakala tatu: moja kwenye kadi, moja kwa rafiki aliye Kisangani au Kinshasa, na maneno yote kwa mkono katika kaye, ndani ya plastiki, kwa sababu ya unyevu wa mto.